Kwa wakulima wa matunda Rungwe: matunda yaliyoanguka

Ndugu wanakikundi, habari za kazi. Naomba kila mmoja aokote mapera, maembe na maparachichi yaliyoanguka, lakini asiyachome, kwa sababu pamoja na funza wa yule inzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, humo huweza kuwamo nyigu wadogo sana ambao hutaga ndani ya mayai au funza wa inzi huyo, na watoto wao wakamla kabla hajakomaa. Jana nilipasua pera moja laini nikahesabu funza 12. Yawekwe ndani ya hema la chandarua, ambalo matundu yake humzuia inzi lakini humpitisha nyigu kurudi shambani. Hema langu liko tayari. Karibuni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Hadi hapo, tafadhali sana, tusipulizie sumu kwenye maua, maana inawaua nyigu hawa na nyuki wetu.