Matumbawe ya Mafia nayo ni mtumia maji

Kwa Mkurugenzi,
Bodi ya Maji Bonde la Rufiji,
Iringa.

Yah: KUWAITA WAVUVI WA MAFIA KWENYE VIKAO VYA WATUMIA MAJI

Kamwene, Ndugu Mkurugenzi.

Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi hapa Njombe, jirani na mto Ruhuji. Bahari nimeiona mara mbili tu, na mara zote mbili nilikuwa namfuata dada yangu aliyeolewa Jibondo, kisiwa kidogo kusini mwa Mafia. Kwa hiyo usishangae mtu wa baridi kukuandikia habari za matumbawe.

Masika iliyopita shemeji alikuja kututembelea. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nikampeleka mtoni. Ruhuji ulikuwa umevimba, mwekundu kama tofali bichi. Akasimama pale amejifunika blanketi langu, akaniuliza, "Shemeji, hivi maji haya yanaishia wapi?" Nikamwambia yanaingia Kilombero, kisha Rufiji. Akanyamaza kidogo. "Basi yanaishia kwangu."

Wewe unaujua mpangilio huo kuliko mimi. Ruhuji na Mnyera na wenzao ndio wanaozaa Kilombero, na Kilombero peke yake inaipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Rufiji inamwaga kwenye delta yenye mikoko mingi kuliko mahali popote Afrika Mashariki, na ng'ambo ya delta hiyo ndipo ilipo Mafia, yenye hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995.

Huku juu tunadhani tumbawe ni jiwe. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipolikanyaga na shemeji akanikemea kwamba nakanyaga mnyama. Kumbe ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao wamehifadhi vijimea visivyoonekana kwa macho, vinavyopika chakula kwa mwanga wa jua kama mahindi yangu yanavyofanya. Maji yakichafuka kwa tope, mwanga haufiki. Tope likitua juu yao, wanatoa ute kujisafisha hadi wanachoka, na vichanga vyao vinakosa mwamba safi pa kushika. Mbolea tunayoweka kwenye viazi, ikisombwa, inakuza mwani unaowafunika. Na hayo yote yanawakuta wakiwa tayari wagonjwa wa joto: mwaka 1998 bahari ilipopata moto wa El Niño, matumbawe mengi ya Mafia yalipauka yakafa. Yale ya mabonge hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Joto la bahari hatuwezi kulizuia kutoka Njombe. Tope tunaliweza.

Jibondo ni kisiwa cha mawe, shamba la maana hulipati. Maji yakipwa wakati wa bamvua, dada yangu na wanawake wenzake wanashuka mwambani na vijiti, wanachokoa pweza mashimoni. Wapwa zangu wanasomeshwa na pweza. Changu, chewa na kamba koche nao wanalelewa humohumo, na mawimbi makubwa yanavunjikia huko kabla hayajafika ufukweni.

Najua kuna atakayesema Bwawa la Julius Nyerere sasa linakamata tope. Sawa, linakamata. Lakini tope hilo linajaa mle mle tunamotegemea megawati 2,115. Na mikoko nayo inahitaji udongo wake wa kiasi, kwa hiyo suala la maji kufunguliwa lini na mengi kiasi gani lina wenyewe huko chini.

Simshtaki mkulima mwenzangu. Mimi nimesomeshwa na vinyungu, yaani bustani za bondeni kando ya mto: mahindi mabichi na maharage ya mama, kiangazi wakati milimani hakuna kitu. Zile mita 60 za kando ya mto ambazo sheria inakataza kulima, ukizipima kutoka ukingoni, kuna watu shamba lao lote linaishia humo. Ukija na katazo peke yake utawafukuza mchana, alfajiri watakuwa wamerudi. Naomba muanzie milimani. Matuta yetu ya viazi mengi yanashuka na mteremko, kila mfereji ni njia ya udongo kwenda mtoni. Tufundisheni kuyalaza yakinge maji, tupande majani ya guatemala kingoni. Ng'ombe watakula na udongo utabaki. Kwenye vyanzo, mikaratusi itoke iingie mivengi, miti yetu ya asili, na miche itolewe bure.

Ombi langu kubwa ni moja. Mnapoita watumia maji wa bonde, wanakaa wenye mpunga, wenye mifugo, wenye umeme, wenye hifadhi za wanyama. Mvuvi wa Mafia simsikii akitajwa, labda kwa sababu hachoti ndoo hata moja kutoka mto wetu. Mpeni kiti. Aje na mwanamke mmoja wa pweza, akae karibu na mkulima mmoja wa vinyungu, kila mmoja aseme anakula nini.

Shemeji atarudi Njombe mwezi wa sita, kusi likiwa limepamba moto na bahari haiendeki vizuri. Mkipanga kikao siku hizo, nauli yake ya kuja Iringa nitalipa mimi. Blanketi pia analo, lile langu aliondoka nalo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa Ruhuji,
Njombe