Sauti ya baba kwenye simu

Kwa ndugu yangu Makame,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata, na salamu za shangazi zimefika. Huku Dar tu wazima, ila joto halituachi. Nakujibu upesi kwa sababu umeuliza jambo ninalolipenda kuliko yote niliyowahi kusoma: vipi baba, na sauti yake nzito ile, anabaki kuwa yeye yule akikupigia simu, wakati umesikia kwamba simu hukata sauti za chini?

Ulichosikia ni kweli. Simu ya kawaida ilipangwa ipitishe mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, basi. Waliopanga walitaka maneno yaeleweke. Sasa tuseme koo la baba linatetema mara 110 kwa sekunde. Huo ndio mtetemo wa msingi, na hautoki peke yake. Hufuatana na hamoniki zake, yaani mitetemo iliyo mara mbili, mara tatu, mara nne yake: 220, 330, 440, 550, na kuendelea juu. Wewe mpiga udi unazijua kwa kidole, ukigusa waya katikati bila kuukandamiza. Simu inaondoa 110, inaondoa na 220, kinachokufikia kinaanzia 330. Na bado unasikia 110, ambayo haimo!

Jambo hili liligombanisha watu wakubwa. Mwaka 1841 Mjerumani August Seebeck, kwa king'ora chake cha sahani yenye matundu, alisema sauti ya chini husikika wazi hata mtetemo wake wa msingi ukiwa hafifu mno. Georg Ohm, yule yule wa kanuni ya umeme, akamkatalia. Baadaye Helmholtz, mwanasayansi mwingine wa Kijerumani, akasimama upande wa Ohm, na kwa miaka mingi neno la wenye majina likashika. Mimi naona Seebeck alidhulumiwa. Ilidaiwa kwamba sikio lenyewe ndilo linaloitengeneza ile sauti ya chini, mpaka mwaka 1954 Mmarekani Licklider alipofunika eneo lote la sauti za chini kwa kelele. Kama ingekuwa inatengenezwa sikioni, kelele ingeimeza. Haikuimeza.

Basi inatoka wapi? Inarudishwa na seli za neva, na kazi hiyo inaanza chini kabisa, kwenye shina la ubongo, kabla hujatambua kwamba umesikia kitu.

Ndani ya sikio kuna koklea, mrija uliojikunja ambao ukiunyoosha unafika kama milimita 35. Kila mtetemo una mahali pake humo: 330 pake, 440 pake, 550 pake. Kutoka hapo nyuzi za neva zipatazo 30,000 hupeleka habari ubongoni. Uzi mmoja hauwezi kuitikia kila mtetemo, lakini kila unapoitikia, huitikia karibu na kilele kile kile cha wimbi. Ni kama wanawake watatu kwenye kinu kimoja: kila mmoja anatwanga kwa zamu yake, na mdundo haukatiki.

Kituo cha kwanza ni nyuklia ya koklea, fungu la seli kwenye shina la ubongo linalopokea nyuzi hizo, na humo mna seli zinazoitwa seli pweza, kwa sababu mikono yake yote imeelekea upande mmoja. Mikono hiyo hukatiza nyuzi nyingi, za 330, za 440, za 550 na zaidi. Ujumbe wa uzi mmoja hauziamshi. Umeme wake huvuja upesi mno, kiasi kwamba ujumbe uliochelewa hata kwa sehemu ndogo ya milisekunde haukuti tena kitu cha kujumlishwa nacho. Hulipuka, yaani hutuma ujumbe wake mbele, pale tu jumbe nyingi zinapofika pamoja. Na 330, 440 na 550 hukutana lini? Kila baada ya milisekunde 9 na kidogo, yaani mara 110 kwa sekunde. Hapo ndipo baba anaporudi, Makame.

Seli pweza haziko peke yake katika kazi hiyo. Ziko nyingine zinazotunza wakati, na juu zaidi, katika ubongo wa kati, mpangilio wa wakati huanza kugeuzwa kuwa wingi wa milipuko. Lakini alama yake inaonekana hata kwa nje: mbandike mtu elektrodi, vile vipande vya kupokea umeme, kichwani, msikilizishe sauti iliyoondolewa 110, na umeme utakaousoma utakuwa na 110 ndani yake.

Ninachokiwaza zaidi ni watoto wanaowekewa koklea ya kupandikizwa, kifaa kinachoamsha neva ya sikio kwa umeme. Muhimbili walianza mwaka 2017, na ni jambo kubwa. Mtoto aliyezaliwa kiziwi anasikia akiitwa na mama yake. Lakini kifaa kina elektrodi kati ya 12 na 22 mahali pa nyuzi zile zote, na vifaa vingi hupeleka umeme kwa mwendo uliopangwa, bila kufuata vilele vya wimbi. Seli za shina la ubongo zinakosa ule wakati zinaousubiri. Maneno yanapita, wimbo unapotea. Sikubali kwamba muziki ni ziada tu kwa mtoto wa kisiwa chenu.

Nina ombi. Nirekodie udi, waya wa chini kabisa, uupige pole pole, kisha upige taksimu fupi, ule muziki wa kubuni papo hapo. Nitaondoa mtetemo wa msingi na ule unaofuata, nikurudishie, uniambie umesikia nini. Mpe na baba asikilize, bila kumweleza chochote kwanza.

Nduguyo,
Mwanaidi