Msituulize wito, tuulizeni kama tutaiweza zamu ya usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo lililonikaa moyoni kwa karibu mwaka mzima. Nina umri wa miaka 39, na kwa miaka 14 nimekuwa mhasibu. Sasa nafikiria kuiacha kazi hiyo na kwenda kusomea uuguzi. Kila ninayemweleza, awe ndugu, rafiki au mwenzangu wa ofisini, hunijibu kwa swali lile lile: je, una wito? Nimelichoka swali hilo. Nimeligeuza huku na huku, na nimeona kwamba halimsaidii mtu kuamua lolote, kwa kuwa akijibu ndiyo hakuna wa kumpinga, na akijibu sijui mazungumzo yanakuwa yamekwisha kabla hayajaanza.

Nieleze kwanza wazo hili lilikotoka. Baba yangu alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na kwa wiki tatu nilikuwa nikikesha kando ya kitanda chake. Usiku mmoja muuguzi wa zamu alisimama kwenye kitanda cha jirani, alikolazwa mzee mmoja mpole aliyependa kumwambia kila mtu kwamba yeye hajambo. Akamshika mkono kwenye kifundo, kama apimavyo mtu mapigo ya moyo. Nilikuwa macho, nikagundua kwamba hakuwa akiutazama ule mkono hata kidogo. Alikuwa akikitazama kifua cha mgonjwa, kisha saa yake, kisha kifua tena. Alisimama hivyo dakika nzima. Halafu akaandika namba kwenye chati, akaondoka kwa mwendo wa haraka usiofika kukimbia, akarudi na daktari. Kabla ya alfajiri mzee yule alikuwa amehamishiwa kwa wagonjwa mahututi.

Siku mbili baadaye nilimwuliza muuguzi yule alikuwa akifanya nini. Akanieleza kwamba alikuwa anahesabu pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na mzee yule alikuwa amefikia 28 huku akisema hajambo. Mkono aliushika kwa makusudi, kwa sababu mgonjwa akijua kwamba pumzi zake zinahesabiwa, huzibadilisha bila yeye mwenyewe kujitambua. Alilisema hilo kwa wepisi, kama fundi anayekueleza kwa nini hulowesha tofali kabla ya kulijengea. Kilichonishika si huruma yake, maana huruma hata mimi nilikuwa nayo, na haikuniwezesha kuona kwamba mtu anazidiwa hatua tatu kutoka nilipoketi.

Wanaotaja wito hupenda kumtolea mfano Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, na taa aliyozunguka nayo wodini usiku. Ni kweli kwamba mwenyewe aliandika kuwa Mungu alimwita mwaka 1837, akiwa binti wa miaka 16. Lakini hakuridhika na kuitwa. Alitaka kufundishwa, na kwa sababu ya pingamizi za jamaa zake alifika mafunzoni Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, umri wake ukiwa miaka 31. Kwa lugha ya leo tungemwita mwanafunzi mtu mzima. Aliporudi kutoka Vita vya Krimea, alikowauguza askari, aliwapelekea wakubwa wa Uingereza takwimu, na michoro yake ya mwaka 1858 iliwaonyesha kwamba magonjwa yaliyoweza kuzuilika yaliwaua askari wengi kuliko majeraha. Mwaka 1860 shule yenye jina lake ikafunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London. Naye Clara Barton, aliyekuja kuanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani mwaka 1881, alikuwa mwalimu kwanza, kisha karani katika ofisi ya hataza, yaani ya kusajili haki za wavumbuzi, mjini Washington, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 ndipo akaanza kuwahudumia majeruhi. Alikuwa na miaka 39. Sijifananishi naye, ila nakiri kwamba nilipoupiga hesabu umri huo nilitabasamu peke yangu.

Neno wito lina ubaya mwingine, nao ni kwamba hutumika kuwanyamazisha walio tayari kazini. Muuguzi akidai malipo ya zamu ya ziada, au akisema kwamba wagonjwa 30 ni wengi mno kwa mtu mmoja, huambiwa kazi hii ni ya wito. Rubani hatumwulizi wito abiria wanapofunga mikanda. Tunataka kujua kama amefuzu na kama amelala usingizi wa kutosha.

Basi ni maswali gani anayopaswa kujiuliza mtu wa umri wangu? Mimi nimeanza na mwili. Kazi ya muuguzi ni ya kusimama, kuinama na kuinua. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia, naye anaweza kuwa na uzito kuliko anayemgeuza, ndiyo maana maumivu ya mgongo ni malalamiko ya kila siku katika fani hii. Kuna hatari ya kuchomwa na sindano iliyokwisha kutumika, na hapo dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kumezwa kwa siku 28. Kuna zamu ya usiku, ambayo nimeitaja hata katika kichwa cha barua hii kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yumkini husababisha saratani, mwaka 2007, na likaushikilia uamuzi huo mwaka 2019. Mwenye miaka 20 huenda akalala mchana kama gogo na akaamka mzima. Mimi nikikesha usiku mmoja kwa ajili ya kufunga hesabu za mwaka, siku mbili zinazofuata si zangu.

Halafu kuna mambo ambayo watu wa ofisini huyazungumza kwa sauti ya chini: kinyesi, matapishi, usaha, maiti. Nilidhani ningeshindwa. Baba alipohitaji kusafishwa kitandani mara ya kwanza nilitoka nje, naye muuguzi akaniita nirudi nishike shuka. Mara ya tatu sikuwa tena na muda wa kukunja uso, kwa kuwa nilikuwa nikiangalia kama ngozi ya mgongoni imebadilika rangi, jinsi nilivyokuwa nimeelekezwa. Lakini alikuwa baba yangu. Sijui bado kama mikono yangu itakuwa hivyo kwa mtu baki, tena mkali, tena anayenitukana.

Kuhusu ajira, tahadhari inahitajika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inasema kwamba ulimwengu ulikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na kwamba upungufu ulikuwa milioni 5.8. Mtu akisoma namba hiyo ya pili hudhani kwamba akimaliza masomo atagombewa. Upungufu huo ni wa mahitaji ya wagonjwa, si wa nafasi zilizotengewa mishahara. Ndiyo sababu nchi moja inaweza kuwa na wodi zisizo na wauguzi wa kutosha na wakati huo huo ikawa na wauguzi waliofuzu wakikaa nyumbani. Kama mhasibu, nafasi isiyo na bajeti siihesabu kuwa nafasi. Anayetaka kubadili kazi aulize, mahali anapokusudia kufanya kazi, waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo.

Muda wa masomo nao ni fedha. Stashahada kwa kawaida huchukua miaka 3, na shahada mara nyingi huchukua miaka 3 au 4. Wenye shahada ya fani nyingine wamefikiriwa katika baadhi ya nchi: Marekani zipo kozi zilizofupishwa za miezi kati ya 12 na 18, na Uingereza zipo za miaka 2. Hata hizo fupi hazimwachii mtu nafasi ya kufanya kazi nyingine ya maana, kwa sababu mafunzo ya vitendo wodini hufuata ratiba ya wodi.

Nimeambiwa pia kwamba miaka yangu 14 ya uhasibu itapotea bure. Hapa nabisha. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alinionyesha daftari lake la hesabu za dawa. Mgonjwa ameandikiwa dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8, na mpira uliopo hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 20,000, dakika ni 480, kwa hiyo mtu hurekebisha kibanio cha mpira huo, akitazama saa, mpaka ahesabu matone 42 hivi kwa dakika. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi, na niliipata kabla hajamaliza kuisoma. Kilichoninyamazisha ni alichokisema baadaye. Mimi nikikosea tarakimu leo, kesho naandika ingizo la kusahihisha, na vitabu vinalingana. Dripu iliyokwisha kuingia mwilini haina ingizo la kusahihisha. Tangu siku hiyo nikiambiwa kwamba uuguzi ni kazi ya moyo, nakumbuka kile kibanio.

Na anayedhani kwamba anayakimbia makaratasi ajue kwamba yanamngoja. Muuguzi huandika alichotoa, saa aliyotoa, mgonjwa alichokunywa, kiasi cha mkojo alichopitisha, na hubaki baada ya zamu kumalizia kuandika, kwa sababu kanuni yao ni kwamba lisiloandikwa halikufanyika. Kanuni hiyo wakaguzi wa hesabu wamenifundisha miaka yote hii, tena kwa ukali. Wakubwa wasumbufu nao wapo kule. Kama ningekuwa naondoka kwa ajili ya kumchoka mkuu wangu wa idara, ingetosha kuhamia ofisi nyingine.

Lililo gumu kuliko nilivyotarajia ni kuwa mwanagenzi tena. Ofisini mimi ndiye ninayeulizwa. Wodini nitaamrishwa na kijana ambaye nilikuwa nimekwisha kuajiriwa yeye akiwa shule ya msingi, na atakuwa na haki ya kunikemea nikisahau kunawa mikono kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Nimejaribu kulipima hilo kwa unyofu. Katika wiki zile tatu kuna siku nilielekezwa na muuguzi chipukizi jinsi ya kumwinua baba bila kumvuta kwapani, nikajibu kwa ukali kwamba najua. Sikuwa najua. Yeye hakubishana, alisubiri nikashindwa, kisha akanionyesha tena.

Kwa hiyo, Mhariri, ninalo ombi kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi na hospitali wanaosoma gazeti hili. Watu wazima wanaoomba kujiunga wapewe ruhusa, kabla hawajalipa ada wala hawajaacha kazi, ya kufuatana na muuguzi kwa zamu chache, angalau moja ikiwa ya usiku, kwa masharti yote ya kulinda siri na heshima ya wagonjwa. Wasiguse kitu, watazame tu. Wako watakaorudi ofisini kwao asubuhi hiyo hiyo bila hasara kwa yeyote, na chuo kitakuwa kimeokoa nafasi ya mtu mwingine. Usaili wa dakika 15 wa kumwuliza mtu kwa nini anapenda kusaidia watu hauwezi kuonyesha hayo, kwa kuwa jibu lake kila mmoja huja nalo limekaririwa.

Ningefurahi pia wauguzi walioingia kazini wakiwa na miaka 35 au 40 wakiandika katika ukurasa huu. Nisingependa watutie moyo, kwa maana waliotutia moyo wanatosha. Watueleze mwaka wa kwanza ulikuwaje, nani aliacha masomo na kwa nini, na miguu yao ikoje leo.

Kwa upande wangu, fomu ya maombi nimeijaza kurasa mbili kati ya nne. Mke wangu ameisoma, na hakuniuliza habari ya wito. Ameuliza usiku wa zamu nani atakuwa na watoto, kwa kuwa naye huondoka nyumbani kabla hakujakucha. Tumelizungumza jambo hilo mara mbili sasa, na hatujapata jibu.

Msomaji wako,
Mhasibu, kwa sasa