Kabla hamjagoma

Tabora

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ila habari ya mgomo mnaoupanga hapo chuoni imeninyima raha. Dai lenu ni la haki kabisa: bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, likichelewa, mwanafunzi analala njaa. Lakini mkigomea vipindi mtasukumwa mrudi nyumbani, na kitakachozungumzwa ni nidhamu yenu. Pesa zitasahaulika.

Nakuomba ufikirie jambo moja. Machi 1965, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitaka kusimamisha vipindi siku nzima kupinga vita vya Vietnam. Wanasiasa wakaja juu, kwamba walimu wanatelekeza kazi. Ndipo mmoja wa wahadhiri hao, mwanaanthropolojia Marshall Sahlins, akatoa wazo la kukesha wakifundisha. Usiku wa tarehe 24 walifika watu zaidi ya 3,000. Ikawa mihadhara na mabishano mpaka kulipokucha. Palitolewa hata tishio la bomu. Watu wakatoka ukumbini, wakaendelea nje kwenye baridi. Walioiunga mkono serikali nao walikuwepo, wakabishana, na hilo ndilo linalonigusa zaidi. Vyuo vingine vikafuata, Berkeley ikiwa mojawapo, mwezi Mei.

Nasi tuna yetu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, walikuwa na madarasa yao ya Jumapili, mhadhiri wao wa historia Walter Rodney akiwa nao bega kwa bega. Mwaka 1970 chama chao na jarida lao, Cheche, vikapigwa marufuku. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba mtaachwa salama.

Na hapa Tabora, Januari 1958, wana-TANU walibishana vikali kama wasusie uchaguzi wa kura tatu, ule uliomtaka kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Napita pale mjini nikiwawaza ninyi.

Fanyeni mkesha wa masomo. Mhadhiri wa sheria awafafanulie sheria ya mikopo, wa uchumi awasomee bajeti kifungu kwa kifungu. Mwiteni na mhasibu wa chuo aulizwe pesa zimekwama wapi. Asipokuja, kiti chake kiachwe wazi mbele ya watu wote. Wanaopinga mgomo wapeni kipaza sauti. Asubuhi ingieni darasani kama kawaida.

Niandikie kabla ya kikao chenu, unitajie mhadhiri gani amekubali. Nauli ninayo, nitakuja kukesha nanyi.

Ni mimi rafiki yako