Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya utamaduni na sanaa: ukoo wa Tingatinga ujengewe nyumba ya kumbukumbu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima ninaomba wizara yako ianzishe, hapa Dar es Salaam, nyumba ya makumbusho ya mchoraji Edward Saidi Tingatinga na jamaa zake waliorithi kazi yake. Siombi duka la picha, maana maduka tunayo, na mgeni hakosi pa kununua twiga wake; naomba nyumba ambamo picha haiuzwi.

Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya silingibodi, yaani ubao mwembamba wa dari, na mkewe, Agatha Mataka, akaziuza picha hizo nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa akiwa amechora kwa takriban miaka 4 tu. Sanaa yake haikufa naye kwa kuwa alikwisha kuwafundisha ndugu na jamaa, miongoni mwao Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, nao wakafundisha wengine, hata mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika.

Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba picha nyingi za mwanzo zilinunuliwa na wageni wakaondoka nazo, na silingibodi haipatani na unyevu wa pwani: hufura pembeni, kisha rangi ikabanduka. Kijana anayejifunza leo huiga nakala ya nakala. Sidharau kuiga, kwani ndiyo iliyokuwa shule yenyewe ya ukoo huu. Lakini anayeiga anastahili kuiona asili, yule mnyama mmoja aliyesimama peke yake juu ya rangi tupu, kabla picha hazijajaa wanyama hadi pembeni.

Nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere kule Magomeni imehifadhiwa kuwa makumbusho, kwa hiyo njia ya kufuata ipo. Naomba kiwanja kitafutwe Msasani au Oysterbay, familia ishirikishwe tangu siku ya kwanza, na wizara iwaombe wenye picha za zamani nje ya nchi wazirudishe au waziazime. Ujenzi ukichelewa, basi angalau wachoraji wazee warekodiwe mwaka huu, wakieleza kwa vinywa vyao nani alimfundisha nani.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Msasani