Yah: Kipimo chenu cha lektini kinatoa rangi hata pasipo na nyongo

Habari za kazi, huduma kwa wateja.

Naandika tena sababu yule kijana wenu wa mauzo siku hizi hapokei simu zangu. Nilinunua kwenu kile kipimo cha kingamwili za IgA kwenye nyongo ya kuku, sahani ya visima 96 iliyopakwa konkanavalini A, lektini (yaani protini inayoshika sukari) ya mbegu za Canavalia ensiformis. Wazo lenyewe zuri sikatai, nyongo ya kuku imejaa IgA, na IgA ina sukari ya manozi ambayo lektini inaidaka, unaosha, halafu unaweka kingamwili ya pili, ile inayoshika IgA, yenye kimeng'enya rangi itoke. Na nyongo kuipata sio ishu, wachinjaji wa Shekilango wanaitoa taratibu isipasuke ikatia nyama uchungu kisha wanatupa, ukiomba wanakupa huku wanakucheka.

Sasa visima nilivyoweka bafa tupu, yaani maji ya kipimo, bila hata tone la nyongo, vikawa bluu sawa na vile vya kuku waliochanjwa mdondo kwa tone la jicho. Nikawapigia, mkasema eti sioshi vizuri. Jamani! Kimeng'enya chenu ni peroksidezi ya mzizi wa horseradish, ambayo nayo ni protini yenye manozi, kwa hiyo konkanavalini A inaing'ang'ania moja kwa moja bila IgA yoyote katikati. Nilitia peroksidezi peke yake, bluu. Nikaongeza methili manosaidi, sukari inayogombania nafasi ileile, rangi ikafifia. Kuosha kunaingiaje hapo?

Mwanakemia James Sumner alipata fuwele za lektini hii mwaka 1919, sio kitu kigeni kwa mtu anayeiuza. Mngetumia kimeng'enya kisicho na sukari, fosfatezi ya bakteria E. koli kwa mfano, na hata hivyo kingamwili ya pili nayo ina sukari zake, ndo maana kisima kisicho na nyongo ni lazima, ila kwenye maelekezo yenu hakipo kabisa, mimi nilijiwekea tu kwa mazoea.

Wafugaji wa Chanika bado wananiuliza kama chanjo yao imeshika na sina cha kuwaambia, nyongo imeisha na kuku hachinjwi mara mbili.

Nataka hela yangu yote irudi, na yale maneno "IgA pekee" myatoe kwenye boksi. Na safari hii anijibu mtu wa maabara, sio wa mauzo.

Mteja wenu, Dar es Salaam