Barua kwa Ndugu Zangu Kuhusu Mama

Tumsifu Yesu Kristo.

Kaka, Dada, na wewe kitinda mimba wetu, nawasalimu nyote pamoja na watoto. Mimi huku ni mzima, kazi inaendelea. Nimeusikiliza ujumbe wa sauti wa Kaka, nikaurudia. Anasema mmekubaliana Mama asitoke tena kwenda Misa, afuate ibada kwenye televisheni, na wajukuu wasimsumbue tena na madaftari yao, apumzike. Najua mmelitazama jambo hili kwa upendo. Magoti yamechoka, macho yameingia ukungu, sukari leo iko juu kesho iko chini. Nyinyi ndio mnaomnyanyua kitandani asubuhi, mimi ni wa kupiga simu tu. Kwa hiyo nasema kwa heshima yote: naomba tulizungumze upya, kwa sababu naona tunataka kumpumzisha Mama vitu viwili ambavyo ndivyo vinavyomweka hai.

Mama hakuwahi kuwa na sala upande huu na ualimu upande ule. Mnakumbuka jioni zetu. Chakula kikiisha, meza inapanguswa, tunasali rozari, halafu anavuta rundo la madaftari ya darasa lake na kalamu nyekundu. Kila daftari, kabla hajalifungua, aliweka kiganja juu ya jalada na kutamka jina la mtoto kwa sauti ya chini. Mimi nilidhani anasoma majina tu. Nilipofika kidato cha pili nikamwuliza, akanijibu bila kuinua macho: "Usimpe mtoto alama kabla hujamwombea, utamwonea." Kisha akaendelea kusahihisha. Mtoto aliyepata sifuri alirudishiwa daftari lenye mstari mmoja chini, umeandikwa kwa mkono ule wake wa mviringo, unaoeleza njia ilipopotea. Nami sasa nasimamia watu kazini, na kabla sijaandika tathmini ya mtu yeyote, namtaja kwanza kwa jina. Wenzangu hawajui nimeitoa wapi.

Na alikuwa hachoki kujifunza. Papa Yohane Paulo II alipoongeza Matendo ya Mwanga kwenye rozari mwaka 2002, Mama alikuwa amesali rozari ya matendo kumi na tano tangu utoto wake. Wazee wengine waliguna. Yeye alichukua daftari jipya, akachora jedwali la siku saba: Furaha Jumatatu na Jumamosi, Uchungu Jumanne na Ijumaa, Mwanga Alhamisi, Utukufu Jumatano na Jumapili. Akalibandika ukutani, akatupima mmoja mmoja mpaka tukashika. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kaa, kazi yako imekwisha, unamwambia neno zito sana.

Sasa niseme kuhusu Misa. Kanisa lenyewe halimlazimishi mgonjwa. Mwenye sababu nzito ya kubaki nyumbani hatendi dhambi, na hilo Mama analijua kutuzidi sote, amelifundisha katekisimu miaka na miaka. Lakini yeye haendi kwa kuogopa dhambi. Anakwenda kwa sababu ya Ekaristi, na televisheni haiwezi kumpa komunyo. Hapo ndipo penye shida. Ibada ya kwenye televisheni ni nzuri siku ambayo hawezi kabisa kuinuka, ila isigeuke kuwa chakula chake cha kila juma.

Ombi langu ni hili. Jumapili, yule mwenye gari ampeleke, akae kiti cha pembeni karibu na mlango. Siku za kazi asiende, hapo nakubaliana na Kaka. Na Jumapili ambayo hali ni mbaya, Dada ampigie Paroko, aombe aletewe komunyo nyumbani. Si fadhila tunayoiomba. Kuwapelekea wagonjwa Ekaristi ni sehemu ya kazi ya parokia, na padre akizidiwa kuna wahudumu wa komunyo walioteuliwa kwa ajili hiyo. Mwandalieni meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa.

Kuna jambo la kufunga pia, na hili linanitia hofu kuliko magoti. Dada ameniambia Kwaresima iliyopita Mama alishinda na njaa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, akiwa na dawa za sukari tumboni. Mwonyesheni sheria yenyewe, maana yeye ni mwalimu, anaheshimu kilichoandikwa: kufunga kunawabana waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Yeye alishavuka zamani. Hata ile saa moja ya kutokula kabla ya komunyo, wazee na wagonjwa wameondolewa, pamoja na wale wanaowahudumia. Dada, hapo na wewe umo. Usimwache anywe dawa bila kula kwa kuwa padre yuko njiani. Akikataa, asikie kutoka kwa Paroko mwenyewe. Sisi watoto wake bado anatuona wa darasa la tatu.

Na Mpako wa Wagonjwa. Nimesikia mnauogopa, mnasema akiona padre anakuja na mafuta atadhani tumeshamkatia tamaa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulisema wazi kwamba sakramenti hii si ya walio katika dakika za mwisho tu. Mtu akianza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee, wakati wake umefika, na anaweza kuipokea tena hali ikizidi. Msimfiche. Mwulizeni tu kama anataka. Nina hakika atajibu kwamba alikuwa anangoja muulize.

Nirudi kwa wajukuu, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo alimkumbusha imani aliyokuwa nayo kwanza bibi yake Loisi, kisha mama yake Eunike. Amemtaja bibi kwanza. Watoto wetu wanapata shule nzuri, simu nzuri, kila kitu, ila muda wa kukaa na mtu anayewasikiliza mpaka sentensi iishe wanaupata kwa Mama tu. Huyu wa mwisho wa Dada alishindwa kusoma shuleni, walimu wakaanza kusema mzito. Mama alimkalisha na kitabu cha nyimbo za kanisani, wimbo anaoujua kwa moyo, akimwonyesha kidole kila silabi wanapoimba. Mtoto akasoma. Hakusoma kwa kuchapwa, alisoma kwa kuimba. Mnataka kumwondolea Mama kazi hiyo ili apumzike? Apumzike na nini?

Macho yake hayaoni vizuri, sawa. Basi tugeuze kazi: wajukuu wamsomee yeye. Kila jioni mmoja asome Injili ya siku kwa sauti, Mama asahihishe matamshi na kuuliza swali moja. Nusu saa inatosha, kisha aachwe alale. Mkubwa wa Kaka anajiandaa kwa kipaimara. Amwulize bibi yake vipaji saba vya Roho Mtakatifu kabla hajamwuliza katekista. Mimi Alhamisi nitapiga simu ya video wakati wa rozari ili nisali nanyi, na fungu moja naomba niachiwe mimi niongoze.

Siku ninasafiri kuja huku, Mama alinisimulia habari za Mtakatifu Monika, jinsi alivyovuka bahari kumfuata mwanae Augustino. Akasema, "Mimi sina nauli, nitakufuata kwa rozari." Monika alifia Ostia mwaka 387, mbali na kwao, na alichowaomba wanawe ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Mama ananikumbuka altareni kila Jumapili, ananiambia hivyo kila tukizungumza. Nisingependa sisi tuwe watu wa kumfungia njia ya kufika hapo.

Jumapili ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, ile aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Ningeomba siku hiyo watoto wote waende naye kanisani, waketi benchi moja naye. Fedha za kiti cha magurudumu nitatuma mwisho wa mwezi huu. Mdogo wetu, pima kwanza upana wa mlango wa chumba chake, unitumie kipimo kabla hatujanunua.

Kaka, nipigie ukishasoma. Kama kuna jambo la daktari ambalo hamkunieleza, nielezeni, nitalisikiliza. Mwambieni Mama shikamoo, na mwambieni barua hii imeandikwa kwa herufi zinazosomeka.

Wenu,
Ndugu yenu aliye mbali